Ufagio wa Mama Atieno

Kama umeshika paipu ya maji sasa hivi, nenda uifunge kwanza, kisha urudi unisikilize. Sina haraka. Mimi nimestaafu, na magoti yangu yameshaniamuru niketi. Lakini wewe bado una bustani ya kutunza, na jua la mchana la Eldoret, hata upepo ukiwa baridi, linakunywa maji yako kabla mmea haujaonja.

Umefunga? Haya.

Nimefanya kazi ya miche na bustani za nyumbani tangu nikiwa msichana. Nilianza katika kitalu kimoja kando ya barabara ya kwenda Soy, baadaye nikawa nakwenda kwa watu, geti hadi geti, na jembe langu, kisu cha kupogoa na kikapu. Waliniita Mama Cheruto wa maua, hata pale nilipowapandia sukuma wiki tu. Miaka hiyo yote nimekuwa nikieleza jambo moja. Nimelieleza kwa upole, nimelieleza nikicheka, nimelieleza nikiwa nimeinama na mgongo unauma. Nimelieleza kwa Kiswahili na kwa Kinandi, na mara moja kwa ishara za mikono, kwa bwana mmoja aliyekuwa kwenye simu na hakutaka kuikata. Jambo lenyewe ni hili: maji uliyomwaga si lazima yawe maji ambayo mmea umekunywa. Katikati kuna udongo. Udongo ukiwa uchi na mgumu, maji hayo umemfurahisha nayo jirani anayekutazama, basi.

Mnanichosha, vijana. Ninawapenda, lakini mnanichosha. Nampita mmoja wenu amesimama katikati ya bustani saa sita, ameziba mdomo wa paipu kwa kidole gumba, maji yanaruka juu kama ya kuosha lori, majani yanang'aa, naye anapiga picha. Ukichimba kidogo tu chini ya mng'aro huo unakuta vumbi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa, mwenye kile kitalu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akiwa amekupa mgongo. Siku zangu za kwanza nilimwagilia miche yote upesi upesi, nikaenda kumwambia nimemaliza.

"Umemaliza nini?"

"Kumwagilia, Mzee."

"Umeosha miche uso. Sasa rudi uipe maji. Mimea ina midomo chini."

Nikarudi. Akaja nyuma yangu, akachomeka kidole kwenye udongo wa mche mmoja, mpaka pingili ya pili, akakitoa na kunionyesha. Kikavu. Akaenda kuwasha jiko la chai. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini macho yangu kuhusu udongo. Juu unaweza kuwa umelowa kama umenyeshewa, chini pakawa jangwa. Au juu pakawa pakavu na chini kukawa na unyevu wa kutosha, na wewe ukaongeza maji ukaozesha mizizi. Kidole hakina makuu. Kinakuambia kilichoko.

Sasa nije kwa Mama Atieno, maana ndiye niliyetaka kuwaambia habari zake.

Mama Atieno alikuwa muuguzi. Alitoka upande wa ziwa akiwa bado binti, akaletwa huku na kazi, akazoea baridi yetu, akanunua kiwanja na kujenga. Alipostaafu alibaki peke yake pale nyumbani. Mumewe alikuwa ameshafariki, watoto wako Nairobi. Akapanda miparachichi mitano, ile iliyounganishwa kitaluni, inayozaa ikiwa bado mifupi. Aliipenda ile miti kuliko ilivyo kawaida. Aliniambia siku ya kwanza, kabla hata hajanipa kiti, "Hii ndiyo itanipatia kitu ya kufanya nikiamka."

Aliniita mwezi wa Januari. Mvua ilikuwa imeondoka zamani, upepo unavuma, na maji ya kisima chake yalikuwa yameshuka hadi kamba ya ndoo ikabidi iongezwe. Miti ilikuwa imekunja majani kama mtu aliyekunja mikono kifuani akikataa kuongea.

"Karibu, Mama Cheruto. Usiangalie huu uchafu, bado sijafagia vizuri."

Nikatazama huku na huku nikitafuta uchafu. Sikuuona. Kiwanja chote kilikuwa chekundu na laini kama sahani ya udongo, mistari ya ufagio imekwenda sambamba kutoka ukutani hadi getini, na hapakuwa na jani moja. Chini ya miti pia hapakuwa na kitu. Nikaipiga ardhi kwa kisigino. Ikalia ko, ko.

Nikamuuliza anafanyaje kila siku. Akanieleza kwa fahari. Anaamka, anachota maji kisimani, ananyunyiza kiwanja chote ili vumbi lisiruke, kisha anafagia kila kitu mpaka nyuma ya choo na kukichoma. Halafu anachota tena, anaipa miti kidogo kidogo, kila mmoja kikombe chake, kila siku bila kukosa.

Wewe kijana unayenisikiliza, umeliona tatizo? Maji mengi zaidi yalikuwa yanakwenda kwa vumbi kuliko kwa miti. Na kile kidogo kilichokwenda kwa miti kilianguka juu ya ardhi iliyofagiwa hadi ikawa kama ngazi ya mlango, kikateleza kuelekea getini. Mizizi ya mparachichi haiendi chini sana. Inalala karibu na juu, na pale juu ndipo mama alipokuwa anapafagia na kupaacha jua lipachome. Alikuwa anaifanyia kazi ngumu kila siku ile miti, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inaimaliza.

Kabla sijamwambia, simu yake ikalia. Akaiweka juu ya meza ikiwa na sauti ya wazi, kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji. Alikuwa ni Ochieng, mtoto wake wa kwanza.

"Mama, bado unachota maji kama mtoto wa shule ya boding?"

"Nachota. Miti iko na kiu."

"Sikia. Pasaka nakuja na fundi. Tunaweka kabro hapo yote, kutoka geti mpaka nyuma. Utakuwa unapiga deki tu. Hakuna vumbi, hakuna matope."

"Na miti yangu?"

"Kama itakuwa hai tutaangalia. Kama imekauka, Mama, tafadhali, usinikasirikie. Na tutaongea ile maneno ya wewe kuja kukaa na sisi. Hiyo kazi imekushinda."

Kabro mnaijua, yale matofali ya saruji yanayopangwa chini hadi kiwanja kinafanana na maegesho ya benki. Sina ugomvi nayo mbele ya mlango. Lakini Mama Atieno aliifuta mikono yake kwenye leso, taratibu, kidole kimoja kimoja, na nikaelewa kwamba hapa hatuzungumzii miti peke yake. Miti ikifa, anahama.

"Mpaka Pasaka," akaniambia.

"Mpaka Pasaka," nikasema.

Nikaanza kazi. Nilizunguka kila mti nikalegeza udongo kwa uma wa shamba, pole pole nisikate mizizi, nikatengeneza kama bakuli pana lenye ukingo. Tukamimina maji kwa utulivu mpaka yakaingia yote. Kisha nikatandaza majani makavu ya ngano juu yake, niliyoyapata kwa mkulima wa Soy baada ya mavuno. Nikamweleza mama kwa uvumilivu wote Mungu alionipa: haya ni blanketi, yanazuia jua lisinyonye unyevu, yakioza yanakuwa chakula. Usimwagilie kila siku. Mwagilia kwa nadra lakini kwa kina, asubuhi mapema au jua likishapoa. Akaitikia kila neno. Akaniandalia chai na mahindi ya kuchemsha. Nikaenda zangu nikiwa na amani.

Wiki iliyofuata nikakuta uwanja kama sahani tena.

"Majani ya ngano yako wapi, Mama Atieno?"

"Aa, upepo wa huku, we! Umebeba yote."

Ninaujua upepo wa Januari wa Eldoret. Una nguvu, unaweza kukung'olea bati. Lakini haujawahi kujifunza kukusanya majani, kuyapeleka nyuma ya choo na kuyawasha moto. Nilipita pale, jivu bado lilikuwa na joto. Nikaleta mengine.

Safari ya pili yakaliwa na ng'ombe wa jirani, na hapo kweli alikuwa ng'ombe, maana nilimkuta bado anatafuna, ananitazama bila aibu. Safari ya tatu nikaleta makapi ya maharagwe, ambayo ng'ombe huyo hayapendi sana. Yakatoweka pia. "Upepo," akasema Mama Atieno, na hakunitazama.

Jamani, nilikaribia kuacha. Niliwahi kutunza maua ya nyumba za kupanga za wanafunzi kule Kesses, na huko nilidhani nimeshaona kila aina ya ukaidi. Nikiwaambia wasichana wa chuo, maji ya kusuuza nguo mnipe, yale ya mwisho yasiyo na povu, badala ya kuyamwaga mtaroni, wanasema, "Sawa, Mama." Kesho yake wananimwagia kwenye waridi maji ya deki yenye dawa ya kutoa madoa, na wanafurahi sana kwamba wamenisaidia. Waridi likawa la rangi ya karatasi. Lakini wale walikuwa hawajui, na nilipoweka ndoo mbili, moja yenye kitambaa chekundu na nyingine yenye cha kijani, walijua, na hawakukosea tena. Mmoja wao hata alinifundisha kutoboa chupa ya soda kwa sindano ya moto na kuizika kando ya mche ili idondoshe maji yenyewe. Ninaitumia mpaka leo. Mtu asiyejua unamweleza, mambo yanaisha. Mama Atieno alikuwa anajua. Nilimweleza, alielewa, angeweza kunirudishia maneno yangu neno kwa neno. Na bado alifagia.

Kwa hiyo siku moja nikaenda alfajiri, kabla ya saa yangu ya kawaida. Geti lilikuwa wazi. Nikamkuta ameinama, khanga kiunoni, ufagio mkononi, anayatoa makapi chini ya mti wa tatu.

"Mama Atieno!"

"Yawa! Umenitisha! Umekuja saa hii kufanya nini?"

"Nimekuja kuusalimia upepo."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikaisha ghafla, akakasirika.

"Sasa wewe nisikie. Jumamosi wamama wa kanisa wako kwangu. Unamjua Mama Akinyi? Akiingia kwa geti, kabla aseme hodi, macho iko chini. Alienda kwa mtu mmoja akakuta majani imeanguka tu kidogo, akauliza, 'Kwani kuna mgonjwa hapa?' Mbele ya watu! Mimi nimeosha wodi miaka yote. Nikae na takataka kwa mlango yangu? Watasema nimezeeka sijiwezi. Na hiyo maneno itafika kwa Ochieng kabla wamalize chai."

Nilikuwa na majibu mengi tayari mdomoni. Nikayameza. Nilikumbuka mama yangu mzazi akifagia kabla hata ya kuwasha moto, mvua au jua, kwa sababu bibi arusi aliyeacha uwanja bila kufagia habari zake zilimfikia mama mkwe kabla ya salamu. Mimi mwenyewe siwezi kunywa chai ya asubuhi nikiwa naona jani mlangoni. Na hapa nilikuwa namtaka mwanamke mwenzangu aweke ufagio chini na aonekane amechoka na maisha, kisha ajitetee kwa elimu ya udongo mbele ya Mama Akinyi.

Nikaketi kwenye ngazi. "Haya, fagia. Mimi naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Fagia tu, mama."

Akafagia. Alianza mlangoni, akaja hivi, akaenda hivi, rundo linakua mbele ya ufagio: makapi, majani ya mti wa jirani, vijiti. Alipofika kwenye mti wa nne akasimama ili apumue, rundo likiwa limesimama mbele yake, hatua chache kutoka shinani. Akalitazama. Akautazama mti. Kisha akatazama njia yote iliyobaki hadi nyuma ya choo.

"Na nikiacha safari hapa?" akauliza. Hakuniuliza mimi, aliuuliza ufagio.

Akalisukuma rundo ndani ya lile bakuli, akalisambaza kwa mguu. Akarudi nyuma kulitazama, akatikisa kichwa. "Bado inaonekana takataka." Akaenda ukutani, ambako mafundi waliojenga nyumba waliacha mawe, akaanza kuyabeba moja moja na kuyapanga kuzunguka ukingo. Nikanyanyuka nikamsaidia. Duara lilipofunga, akainama, akaingiza majani yaliyochomoza chini ya mawe, akayakaza pembeni kwa vidole. Nilishaona mikono ikifanya hivyo hospitalini, ikichomeka shuka chini ya godoro.

"Sasa hiyo ni kitanda," akasema. "Nani ataniambia kitanda ni uchafu?"

Tukafanya yote mitano. Nilimwongezea mambo mawili tu. La kwanza, majani yasikumbatie shina, maana shina likikaa na unyevu linaoza na wadudu wanapata mlango. La pili, kimo cha majani kisiwe cha kuficha nyoka, maana hilo ndilo swali la kwanza kila mtu huniuliza. Tandaza kama unavyotandaza mtama wa kuanika, usirundike. Vumbi la uwanja tukakubaliana alinyunyizie maji ya kusuuza vyombo, na achague sehemu ya kupita watu tu. Kisima akakipumzisha, akakichotea miti tu, kwa nadra na kwa kina.

Jumamosi nilikuwepo. Sikualikwa, nilijipa kazi ya kupogoa ua wa michongoma siku hiyo, na hakuna aliyenifukuza. Mama Akinyi aliingia, na kweli, macho chini. Akafuata mistari ya ufagio kutoka getini mpaka kwenye duara la kwanza la mawe, akasimama.

"Na hii umepanga hivi ni staili ya wapi?"

"Ya hospitali," akajibu Mama Atieno, bila kupepesa.

"Mm." Akazunguka duara. Alitafuta la kusema, nikaona. "Iko smati," akasema mwishowe, kama mtu anayelipishwa. Walipokuwa wanaondoka alimvuta Mama Atieno pembeni kumuuliza yale mawe aliyapata wapi.

Februari ikaja na joto lake. Machi ikaja bila mvua, mawingu yanapita juu yakienda kunyeshea watu wengine. Nilikwenda kila wiki na kila wiki nilichomeka kidole chini ya majani. Mti wa karibu na geti ulikufa. Pale gari la mizigo lilikuwa limekanyaga wakati wa ujenzi, chini pamekuwa mwamba, na hakuna blanketi linaloweza kutibu mwamba. Mama Atieno aliung'oa mwenyewe. Ile mingine minne ilikaa imekunja majani kwa muda mrefu hadi mimi pia nilianza kulala vibaya. Kisha asubuhi moja ncha za mmoja zikaonyesha rangi ya shaba, vijani vidogo laini, na baada ya siku chache wenzake wakafuata. Mvua haikuwa imenyesha hata tone.

Ochieng alikuja Pasaka, kama alivyosema, na fundi wake, na utepe wa kupimia. Alimkuta mama yake anafagia. Ochieng alikuwa mtu mkubwa, mwenye mwili, suruali safi. Akasimama getini akatazama.

"Mama. Unatoa takataka kwa mlango unapelekea miti?"

"Nenda uguse kwanza ndiyo uongee."

"Niguse nini?"

"Hiyo kitanda. Weka mkono ndani. Si umekuja kuangalia mgonjwa kama amekufa?"

Fundi akacheka, akajifanya anakohoa. Ochieng akapandisha mikono ya shati, akachuchumaa, akaingiza vidole chini ya majani. Kisha akautoa mkono na kuutazama: udongo mweusi umeshikamana nao, baridi, wakati uwanja wote unatoa vumbi. Akaona vile vijani vya rangi ya shaba karibu na uso wake. Akavigusa kwa mgongo wa kidole.

"Maji umetoa wapi?"

"Nimeacha kuyamwaga."

Ochieng alijifutia mkono kwenye suruali yake safi bila kufikiri, na mama yake akaguna. Kisha akamgeukia fundi. "Pima kutoka geti mpaka mlango. Upana wa gari tu. Hiyo ingine wachana nayo." Akasita kidogo. "Na hapa mti umekufa, usiweke kitu. Mama atapanda ingine."

Neno la kuhamia Nairobi halikutajwa siku hiyo, wala sikulisikia tena. Mama Atieno alimletea mwanawe maji ya kunawa kwenye beseni. Alipomaliza, akaenda kuyamwaga pale kwenye shimo tupu.

Basi, wewe uliyefunga paipu yako. Kesho asubuhi fagia kama ulivyofundishwa nyumbani, lakini usiwashe moto. Sukuma majani mpaka kwenye mti wako, yatandaze ndani ya duara la mawe, na uache nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina.